Ireland Kaskazini: shule moja ya mchanganyiko au shule mbili zinazoshirikiana?

Watoto wengi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti huko Ireland Kaskazini bado husoma shule tofauti. Wazazi hubishana: wawapeleke shule ya mchanganyiko, yaani ya madhehebu yote mawili, kama Lagan College iliyoanza Belfast mwaka 1981 na wanafunzi 28, au shule zibaki mbili na watoto wakutane kwa baadhi ya masomo, utaratibu uliotungiwa sheria mwaka 2016?

Kwa ukaribu wa watoto, shule ya mchanganyiko inashinda wazi. Watoto wanaogombania mpira kila siku na kupatana kabla ya kengele hujuana kwa majina, si kwa madhehebu. Wanaokutana kwa ratiba hukaa makundi makundi mwalimu asipowachanganya. Fedha za basi la kuwapeleka shule ya pili zikikosekana, urafiki nao husimama.

Lakini kuanzisha shule mpya ni gharama na miaka ya kuhangaika. Kushirikisha zilizopo katika masomo kunahitaji kwanza walimu wakuu wawili wanaoaminiana, na mzazi mwenye hofu haachi shule aliyoizoea.

Kijijini kwenye shule mbili ndogo zenye madawati matupu, ningependelea ziwe moja. Mtaa wa Belfast ambako ukuta bado unatenganisha majirani Wakatoliki na Waprotestanti, ningeanza na somo moja la pamoja, kila wiki, mwaka mzima.