Eberron: Rising from the Last War, kitabu cha DM aliyechoka kusahihishwa na wachezaji wake

Aisee kama wewe ndo DM wa kundi lenu, yaani yule msimulizi anayeongoza mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons (D&D), na mnataka kucheza kampeni, stori moja ndefu ya vikao vingi, kwenye dunia ya kubuni ambayo ipo tayari, ina ramani na wafalme na historia ndefu, basi kero ya kwanza unaijua: yule mchezaji mmoja aliyesoma kila kitu. Unasema mfalme wa huku ni fulani, yeye anakukatisha, hapana bana huyo alishakufa. Forgotten Realms, ile dunia nyingine maarufu ya mchezo huu, ndo inaongoza kwa hili, ina miaka na miaka ya riwaya na magemu ya kompyuta, afu imejaa wachawi wazito kama Elminster, kwahiyo dunia ikitaka kuangamia wachezaji wanakuuliza, sasa si aitwe Elminster amalize hii kazi sisi tukalale? Na utawajibu nini.

Eberron haina hiyo shida, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuilipia hela. Dunia hii aliibuni Keith Baker, alishinda shindano la 2002 la Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu, la kutafuta dunia mpya ya D&D ambalo mapendekezo yalikuwa kama 11,000 hivi, kitabu chake cha kwanza kikatoka 2004, na hiki ninachokizungumzia ni cha 2019 kwa ajili ya toleo la 5, kurasa 320. Sasa kilichonifurahisha ni kwamba vitabu vikuu vya mchezo vya dunia hii, vya zamani na hiki, vinaanzia mwaka uleule, 998 kwa kalenda ya kwao, kinachotokea kuanzia hapo ni chako wewe na watu wako. Miungu haijitokezi, hata haijulikani kama ipo kweli. Na wenye nguvu za kupindukia upande wa wema ni wachache mno, kwahiyo kikinuka ni wachezaji wenu ndo watatoka, hakuna wa kumpigia simu.

Stori ya nyuma ni ugomvi wa urithi, kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu atahitaji kuelezwa mara mbili. Mfalme Jarot wa Galifar alikufa mwaka 894, watoto wakagombania kiti, ufalme ukapasuka vipande vitano na vita ikaenda miaka zaidi ya 100. Afu mwaka 994 nchi nzima ya Cyre, kimoja cha vile vipande vitano, ikafa ndani ya siku moja, ikafunikwa na ukungu wa kijivu, na hakuna anayejua nani alifanya au kwa nini. Wote wakaogopa, miaka miwili baadaye wakasaini mkataba pale Thronehold. Nani aliua Cyre? Kitabu hakisemi, kwa makusudi kabisa, kinakuachia wewe DM uamue. Mimi jibu langu ninalo na sitaliandika hapa maana najua watu wa meza yangu wanasoma kila ninachoandika.

Nisichotegemea ni jinsi watu wangependa warforged. Hao ni wanajeshi waliotengenezwa kiwandani kwa chuma na mbao ili wapigane, mkataba ukawapa haki kama watu wengine, haya sasa vita imeisha na wewe ulizaliwa kupigana, unaenda wapi? Mchezaji wangu mmoja aliyekuwa anajali kurusha dadu na kukata vichwa tu, siku hizi anabishana na makarani kuhusu mshahara wa warforged wenzake, yaani jioni nzima inaweza kupita hamjachomoa panga na hakuna aliyeboreka.

Mji wa Sharn umepewa sura yake nzima na imeshiba. Maghorofa yanapanda angani zaidi ya maili moja, matajiri juu, maskini chini, chini kabisa karakana zinazotumia moto wa ardhini, na teksi zake zinapaa. Kuna kurasa za gazeti la Korranberg Chronicle pia, mimi nawasomea vichwa vya habari kwa Kiswahili na ile sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kundi linacheka afu bila kujua limeshameza dondoo ya wiki ijayo. Halafu kuna kile kipengele cha mfadhili wa kundi, mnaamua tangu mwanzo kwamba wote mnafanyia kazi gazeti, au chuo, au genge la wahuni, mambo ya "mlikutana kilabuni usiku mmoja" yanakufa hapohapo.

Ubaya upo. Nje ya bara la Khorvaire, lenye Sharn na yale mataifa matano, wamepita juujuu, mabara mengine kama Sarlona na Argonnessen wamezigusa tu, na hata yale mataifa matano ukilinganisha na Sharn utaona yamepunjwa. Bei iliyochapishwa ni dola 49.95 bila usafiri, na bado unahitaji vile vitabu vya msingi vya D&D. Ukikwama kwenye mambo ambayo hiki kimeyaruka, kama falme za chini ya bahari, tafuta Exploring Eberron ya 2020, ya Baker mwenyewe, ipo kwa PDF pale DMs Guild, tovuti inayouza vitabu vya mchezo huu.

Na kama watu wako wanataka mambo ya kawaida ya D&D, joka jekundu ni baya, la dhahabu ni zuri, basi wataboreka, humu joka la dhahabu linaweza kuwa shetani kabisa na kuhani mla rushwa akaendelea kupata nguvu zake kama kawaida. Ukikinunua usianze sura ya 1 ya kutengeneza wahusika, hiyo wachezaji wataikimbilia wenyewe, we nenda sura ya 4 yenye magenge, maadui na majedwali ya visa, chagua adui mmoja tu, mpeleke Sharn, mengine utayasoma mkiwa mmeshaanza kucheza.