Nililipia "kusafishiwa jina" la mikopo: uzoefu wangu

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za dada wa huduma kwa wateja, maana alikuwa mpole hadi mwisho.

Nilikuwa sikopesheki. Nilikataliwa mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila ombi liliacha alama yake kwenye kumbukumbu zangu na kunishusha zaidi. Nikaangukia kampuni moja iliyoahidi kufuta historia mbaya yote. Ada walitaka kabla ya kazi. Hapo tu ningeshtuka.

Kazi yenyewe ilikuwa barua. Barua moja iliyopinga kila deni lenye jina langu, hata yale niliyokopa kweli na kuchelewesha kweli. Taasisi ya taarifa za mikopo iliwauliza wakopeshaji, jibu likarudi: taarifa ni sahihi. Na zilikuwa sahihi! Deni la kweli halifutiki kwa barua, linabaki hapo mpaka muda wake wa kisheria uishe.

Nilipochoka kusubiri, niliomba taarifa yangu mwenyewe, wala sikutozwa kitu, nikakaa nayo kalamu mkononi. Ukurasa wa tatu nikakuta mkopo nilioumaliza zamani, risiti ninayo, umeandikwa "haujalipwa". Kosa pekee la kweli, na ile kampuni ililizamisha kwenye lundo la madai yake. Nikaandika aya moja tu: namba ya mkopo, tarehe ya rejesho la mwisho, na nakala ya risiti nikaambatisha. Haikupita wiki nne, likarekebishwa.

Kingine kilichonisaidia ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka pesa yako, nayo ndiyo inakuwa ukomo wako wa kukopa. (Uliza kwanza kama mtoa kadi hupeleka taarifa kwenye taasisi za mikopo. Asipopeleka, unajichosha bure.) Hapa nilijikwaa mwenyewe: kila mwezi nalipa deni lote, alama zangu za mikopo (namba inayoonyesha ninavyoaminika kulipa) hazisogei. Kumbe linalopelekwa ni salio la siku ya kufunga hesabu, ambayo huja kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Kwa kuwa nilitumia karibu ukomo wote, kila mwezi nilionekana nimezama. Nikahamishia malipo siku chache kabla ya hesabu kufungwa, alama zikaanza kupanda. Kwenye FICO, mfumo wa alama hizo unaotumika Marekani, kwa mfano, wenye alama 300 hadi 850, historia ya kulipa hubeba 35% na kiasi unachodaiwa 30%.

Ile kampuni niliiomba inirudishie ada. Wakasema barua zilitumwa, kwa hiyo kazi ilifanyika. Mpaka leo wananitumia ujumbe nilipie mwaka mwingine.