TAHADHARI: Kuna "Farquharson" ya uongo inazungushwa Mji wa Kale

Assalaam aleykum ndugu zangu. Kuna mtu hapa Mombasa anauza bunduki ya uwindaji ya risasi moja moja. Anasema ni Farquharson, kazi ya Gibbs, mtengeneza bunduki wa Bristol, Uingereza, iliyoundwa kwa oda ya mwindaji wa zamani. Nimeshaliwa 45,000 za kuishikia, kwa M-Pesa, na simu yake haipatikani tangu Jumanne.

Mapenzi ndiyo yaliyoniponza. Marehemu babu yangu aliwabebea wawindaji bunduki huko Voi na Taveta, na ndiye aliyetufundisha kuitambua kazi ya mkono: mti wa jozi umekaa juu ya chuma hata karatasi haipenyi, na nakshi ukipitisha ukucha unausikia kila mchoro. Mwenye bunduki ile alikuwa na risasi moja tu mbogo akija, kwa hiyo fundi hakulipua kazi.

Hii nilionyeshwa chumbani kwa taa hafifu, nikaharakishwa. Nilipofika nyumbani na kuzitazama picha zangu, moyo ulinishuka. Farquharson ukivuta wenzo wa chini, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu kinateremka wima. Hiki kinainamisha kichwa cha mbele tu, nyuma kimeshikwa na pini. Huo ni mtindo wa Martini, bunduki iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Na hata Martini halali si yenyewe: ubavuni pana taji, herufi VR (alama ya Malkia Victoria) na mwaka 1905. Malkia Victoria alifariki Januari 1901! Tena N ya ENFIELD, jina la kiwanda cha silaha cha Uingereza, imegeuzwa, kosa linalojulikana sana kwenye nakala za mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan. Msijaribu kuitia risasi, inaweza kuwapasukia usoni. Leso niliyofutia kitako mpaka leo inanuka rangi ya viatu.

Nilipouliza karatasi, aliniambia "ziko njiani kutoka Nairobi". Hapo ndipo ningeondoka. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, na kukutwa na silaha bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114. Pesa ukipoteza utatafuta nyingine, lakini hiyo kesi itakuwa yako wewe uliyekutwa nayo, si yake.

Nimeshaandikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi). Jana nimesikia bunduki ileile inaonyeshwa Nyali, bei imepanda mpaka 300,000. Ukiitwa kuiona, usitume hata shilingi. Nitumie ujumbe hapa, twende kituoni pamoja na picha zangu.