Riwaya nilizosoma karibuni, na namna kila moja inavyotunza siri yake

Maduka ya vitabu hupanga riwaya kwa makundi: upelelezi huku, mapenzi kule, za kisayansi rafu ya chini, na zilizopata tuzo karibu na mlango. Mpangilio huo haujawahi kunisaidia kuchagua. Nikishika riwaya, ninachotaka kujua ni mwandishi ananificha nini na ataniambia lini. Akisema mapema mno nachoka. Akichelewesha makusudi naona nimechezewa shere. Hizi nilizosoma tangu mwaka jana ni za aina mbalimbali kabisa, ila zile nilizozimaliza kwa hamu na zile nilizozimaliza kwa sababu tu nilishazilipia zimetengana hapo hapo. Zote nimezisoma kwa Kiingereza. Miisho sitaitaja, kwa hiyo endelea bila wasiwasi.

Nianze na damu. My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, iliyotoka mwaka 2018, inakukabidhi muuaji mwanzoni kabisa. Korede ni muuguzi Lagos. Anapigiwa simu na mdogo wake, Ayoola, kwamba ameua mwanamume mwingine. Huyu ni wa tatu. Korede anabeba vifaa vya usafi na kwenda kufuta damu. Basi hakuna tena cha kutafuta nani kaua. Unachosubiri ni kuona dada mtu atavumilia hadi lini, hasa pale Ayoola anapotia mguu hospitalini na yule daktari ambaye Korede anampenda kimoyomoyo akaanza kumuulizia mdogo mtu. Mzigo wote huo Korede anautua kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, ambaye hakuna anayetarajia ataamka. Sura ni fupi fupi, nyingine hazijazi hata ukurasa. Mzaliwa wa kwanza yeyote aliyewahi kuambiwa "wewe ndiye mkubwa, mwangalie mwenzio" atakisoma kitabu hiki kwa tumbo joto. Lawama yangu ni moja: uzuri wa Ayoola tunaelezwa kila baada ya kurasa chache, lakini kichwani mwake hatuingii. Pengine ni makusudi. Mimi nilitaka kuingia.

The Thursday Murder Club ya Richard Osman, ya 2020, ni upelelezi wa aina ya kunywea chai. Wazee wanne wanaoishi katika kijiji cha wastaafu huko Kent, Uingereza, hukutana kila Alhamisi kuchambua kesi ambazo polisi walishindwa, halafu mauaji ya kweli yanatokea mlangoni pao. Joyce, anayeandika shajara, ananichekesha bila kujua kama anachekesha. Lakini vifo vinazidi, na kila kifo kinadai maelezo yake, mpaka kurasa za mwisho watu wanaungama kwa foleni. Nilikimaliza nikitabasamu, na wiki iliyofuata sikukumbuka vizuri nani alimuua nani.

Orbital ya Samantha Harvey ilishinda tuzo ya Booker mwaka 2024, na haina siri hata moja. Watu sita wako kwenye kituo cha anga za juu, wanaizunguka dunia mara 16 kwa siku moja, jua linachomoza na kuzama mara 16, na huko chini kimbunga kinaielekea Ufilipino. Mmoja wao, Mjapani Chie, amepata habari kwamba mama yake amefariki na hawezi kurudi kumzika. Basi. Kitabu ni chembamba, na bado nilikiweka chini mara kadhaa, kwa sababu lugha yake ni nzuri kwa namna ya kushibisha haraka. Sifa moja nitampa: sehemu ya Chie inaonesha msiba wa mbali ulivyo kuliko hadithi nyingi za ughaibuni nilizosoma. Anayependa mkasa asikiguse.

Dream Count ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya 2025, ndiyo niliyoingoja zaidi, maana alikuwa hajatoa riwaya tangu Americanah ya 2013. Ni ya wanawake wanne, na Chiamaka, mwandishi wa safari aliyefungiwa ndani wakati wa korona, anawapitia wanaume wote aliowahi kupenda. Wanaume hao walinichosha. Baada ya wa tatu nilishaujua mwisho wa kila mmoja kabla hajavua viatu. Riwaya inapata pumzi kwa Kadiatou, mhudumu wa hoteli kutoka Guinea. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba alimjenga mhusika huyo akimfikiria Nafissatou Diallo, mhudumu wa hoteli ya New York ambaye kesi yake ya mwaka 2011 ilitikisa siasa za Ufaransa. Kwa hiyo anayekumbuka habari zile anajua kinachomngoja Kadiatou nyuma ya mlango wa kile chumba. Adichie anaanzia mbali, utotoni kijijini, kwa dada yake, kwa ndoa yake, na kadiri nilivyozidi kumpenda ndivyo nilivyotamani asifike Marekani. Hapo kujua mapema kulinifanyia kazi kuliko fumbo lolote. Ningekuwa mhariri, ningeomba kitabu kizima kiwe chake.

Sasa nije kwa Abdulrazak Gurnah. Theft, ya 2025, ni riwaya yake ya kwanza tangu apewe Nobel mwaka 2021, na inatupeleka Zanzibar na Dar es Salaam, vijana watatu wakikua: Karim, Fauzia na Badar. Badar analetwa mjini angali mvulana na kukabidhiwa nyumba ya watu afanye kazi. Hakuna anayemweleza kwa nini amepelekwa nyumba ile na si nyingine. Mama mwenye nyumba ni mwema kwake, tena mwema kweli, lakini baba mkwe wake anamtazama mtoto yule kana kwamba anamdai. Anamdai nini? Msomaji unaokota tetesi kama Badar anavyookota, kwa kusikia jina likitajwa nusu, kwa mtu mzima kunyamaza anapoingia. Nimekulia katika nyumba ambazo mambo ya ukoo huzungumzwa wakubwa wakidhani watoto wamelala, kwa hiyo utaratibu huo naujua, na sijaona mwandishi mwingine anayeuweka kwenye karatasi kwa utulivu ule. Hapigi kelele. Jambo kubwa analitaja katikati ya sentensi kuhusu kupika au kufagia, ukiwa umesinzia limekupita.

Wizi wenyewe, ule wa jina la kitabu, unaweza kusema ni wa bidhaa za dukani anazosingiziwa Badar. Ukisoma mbele unaanza kuhesabu vingine: mtu aliyeibiwa ujana wake kwa ndoa aliyopangiwa, mtu aliyechukua shukrani za wenzake akazifanya haki yake. Karim ndiye aliyeniumiza. Anaanza kama kaka ambaye kila mtu angemtaka, msomi, mkarimu, ndiye anayempokea Badar anapofukuzwa. Kidogo kidogo wema ule unageuka kuwa deni analolidai kwa sauti. Sikuweza kuonesha kwa kidole ni ukurasa upi alipobadilika, nikarudi nyuma kutafuta, na nikakuta dalili zilikuwepo tangu zamani. Yapo ya kulalamikia: wageni wa Kizungu wanaokuja Unguja kujitolea wamechorwa kwa haraka, wanaingia kuharibu na kuondoka. Hata hivyo nadhani wako wengi wanaoingia na kuondoka hivyo. Anayeona Kiingereza kinamchosha na bado anataka kuonja mkono wa Gurnah, aanze na Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ambayo Mkuki na Nyota waliitoa Dar es Salaam mwaka 2022.

James ya Percival Everett ilizoa National Book Award mwaka 2024 na Pulitzer mwaka 2025, na kwa mara moja tuzo hazikunidanganya. Everett amechukua kisa cha Huckleberry Finn cha Mark Twain na kumpa usimulizi Jim, mtumwa anayetoroka kwenye mto Mississippi asiuzwe mbali na mke na binti yake. Siri hapa ni ya watu wazima wote weusi: wakiwa peke yao huzungumza kama mawakili, na mzungu akitokea hubadilisha ndimi, wakajifanya wajinga ili mzungu ajisikie mwerevu. Kuna sehemu Jim anawafundisha watoto namna ya kufanya hivyo, kama somo la shule, pamoja na namna ya kumwonya bibi kwamba jiko linawaka moto bila kumfanya aone kwamba wewe ndiye uliyeona kwanza. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika nyumba ya watu, au aliyekuwa na mama aliyeifanya, anazijua sauti mbili hizo, ya sebuleni na ya jikoni.

Nilisikiliza baadhi ya sura kwa sauti, na naweza kusema riwaya hii imeumbwa kwa sikio. Unasikia kabisa pale ulimi unapogeuzwa. Na kuna habari ya penseli. Jim anataka kuandika, mtumwa mwenzake anamwibia bwana wake penseli ili ampe, na anachofanyiwa mtu yule kwa ajili ya kipande kile cha penseli kilinifanya nifunge kitabu usiku ule. Kitu pekee nilichokipinga ni siri moja inayohusu Jim na Huck, yule mvulana anayetoroka naye, inayofichuliwa tukiwa tumeshakwenda mbali. Wengi wameipenda. Mimi naona ilirahisisha upendo ambao ulikuwa mzuri zaidi ulipokuwa hauna sababu.

Kwenye fantasia, The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya 2021, ni ya kwetu Mombasa. Aisha, msichana wa Kihadhrami, baba yake mvuvi hakurudi kutoka baharini, naye anamfuata kwa chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiwa na paka msemaji mwenye elimu na majivuno. Nilidhani uokozi ndio utakuwa kitabu kizima. Haukuwa. Bahari inaisha mapema, na kazi kubwa inahamia nchi kavu, kwa bibi anayetaka mjukuu atulie aolewe, na kwa kunguru wanaojua mambo ya watu. Aliyezoea kunguru wa Mombasa hatashangaa hata kidogo kwamba wanasengenya. Katika nusu hiyo ya pili mwandishi anaficha mno, mafumbo juu ya mafumbo, na mara mbili tatu sikujua nani anaongea na nani. Nilivumilia kwa sababu ya yule bibi. Kila alipofungua mdomo nilimsikia shangazi yangu.

Death of the Author ya Nnedi Okorafor, ya Januari 2025, ni riwaya ya kisayansi na ya kifamilia kwa wakati mmoja. Zelu, Mnaijeria wa Chicago asiyetembea tangu alipoanguka mtini akiwa mtoto, anafukuzwa kazi ya ualimu akiwa kwenye harusi ya ndugu yake, na hapo hapo muswada wake unakataliwa. Kwa hasira anaandika hadithi ya maroboti wanaoishi Nigeria baada ya binadamu kwisha, nayo inamletea umaarufu na fedha. Sura za Zelu zinapishana na sura za maroboti. Familia ndiyo iliyonishika: wazazi na ndugu wanaompenda na kumbana kwa pumzi ile ile, kila mtu ana maoni kuhusu miguu ya mashine anayotaka kuvaa, na hakuna anayemuuliza yeye. Maroboti yaliniacha baridi kwa muda mrefu, nikawa nayaruka macho ili nirudi Chicago.

Kisha unafika mwisho, na inabidi ufikirie upya zile kurasa ulizoziruka. Binamu yangu, ambaye husoma za kisayansi tu, anasema alishakisia tangu katikati na kwamba mimi nimeadhibiwa kwa uvivu. Mimi nasema mwandishi aliniachia dalili chache mno. Amenikopesha nakala yake niisome tena kwa mpangilio, maroboti kwanza, na mpaka sasa sijafika popote pa kumpa haki.