Holy Ghost: maisha ya Albert Ayler ndani ya sanduku moja

Sanduku hili la rekodi, lililotolewa na kampuni ya Revenant ya Marekani mwaka 2004, lina CD tisa, nyingine moja ya nyongeza na kitabu kinene chenye jalada gumu. Linamhusu Albert Ayler, mpuliza saksafoni wa jazi huru (jazi isiyobanwa na mdundo wala mpangilio uliozoeleka) aliyezaliwa Cleveland mwaka 1936, ambaye maiti yake iliopolewa kutoka Mto East jijini New York mnamo Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 34.

Ubora wake mkubwa ni kufuata mtiririko wa miaka. Katika rekodi za Helsinki za mwaka 1962, wanamuziki wa Kifini wanashikilia mdundo na mpangilio uliozoeleka, huku Ayler akipuliza sauti nene yenye mtetemo mkubwa, inayoteleza nje ya noti. Miezi michache baadaye, akiwa Copenhagen na mpiga piano Cecil Taylor na mpiga dramu Sunny Murray, ambaye hahesabu mapigo bali anamwaga sauti mfululizo, upulizaji uleule ghafla unapata mahali pa kukaa. Anayedhani kwamba mtu huyu hakujua kupiga muziki wa kawaida na asikilize CD ya nyongeza, yenye rekodi za bendi ya jeshi aliyoitumikia. Muziki huo wa gwaride, pamoja na nyimbo za kanisani alizozipiga na baba yake tangu utotoni, ndiyo asili ya tuni zake fupi, nyepesi kiasi kwamba hata mtoto angeziimba, ambazo yeye na mdogo wake Donald, mpiga tarumbeta, walizirudia kwa nguvu hadi zikapasuka.

Kipande kinachonirudisha kwenye sanduku hili mara kwa mara ni kile cha Julai 21, 1967, kwenye mazishi ya mpuliza saksafoni mwenzake John Coltrane katika kanisa la Mtakatifu Petro, New York. Sauti ni hafifu na mwangwi wa kanisa unameza besi ya Richard Davis, lakini saksafoni inasikika wazi, ikilia na kushangilia kwa wakati mmoja. Rekodi safi zaidi isingenifaidi lolote.

Sehemu nyingine hazistahimili uhafifu huo. Baadhi ya kanda zilinaswa na mashabiki ukumbini, na kuzisikiliza kwa saa nzima kunachosha. CD mbili za mahojiano nazo utazisikiliza mara moja, kisha uziweke kando, ingawa kitabu chenyewe kinastahili kusomwa ukurasa kwa ukurasa.

Kwa anayemsikia Ayler kwa mara ya kwanza, singependekeza aanzie hapa. Atafute kwanza albamu ya Spiritual Unity ya mwaka 1964, aliyoirekodi na Murray pamoja na mpiga besi Gary Peacock kwa kampuni ya ESP-Disk: haizidi nusu saa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya sanduku.