"Ya vipindi" au "ya kukatikakatika"?

Maneno yote mawili husemwa kwa kitu kinachosimama kisha kikarudi, ila hayalingani. Simu kutoka Wete, Pemba, kuja Mjini, Unguja: "Haloo... bi... jahazi lime... haloo?" Sauti hiyo ni ya kukatikakatika. Ukiiita sauti ya vipindi, mtu atadhani unazungumzia redio.

"Kukatikakatika" hubeba lawama. Kitu kilitakiwa kiendelee, kikakatika, kikarudi, kikakatika tena. Kule kurudiarudia kwa kitenzi ndiko kunakoleta picha. Ila usiliseme ovyo. Umeme wa Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, haukuwa wa kukatikakatika. Hitilafu ilitokea kwenye njia ya umeme wa kutoka Bara, ukakatika mara moja, tukakaa na jenereta na vibatari kama miezi mitatu.

"Ya vipindi" haina lawama. Mvua ya vipindi, homa ya vipindi: inakuja, inapoa, inarudi, nayo ndiyo tabia yake. Mgao wa umeme wenye saa zake nao miye nauita wa vipindi, hata nikiwa nimenuna.

"Ya mara kwa mara" wengi huichomeka hapa. Hiyo husema wingi tu; kusimama haikutaji.