Kesi ya kompyuta (boksi lake) ya kubeba hadi diski 8 za kuhifadhia mafaili: feni wametisha, trei ndo shida

Feni 2 za milimita 120 zimekaa mbele kabisa, hewa inapita katikati ya diski moja kwa moja, na kiukweli hapo sina neno, hata nikikopi mafaili usiku kucha joto linacheza kwenye nyuzi 36 mpaka 38, wakati kwenye kesi ya zamani zilivyobanana zilikuwa zinagonga 50. Ila trei za plastiki za kushikia diski aisee, laini mno, ukivuta kwa pupa kile kindoano kinakatika, na raba za kuzuia mtetemo ni nyembamba kwahiyo diski zote zikiwaka meza nzima inanguruma. Chujio la vumbi linachomoka bila bisibisi, safi. Nyaya za umeme kule nyuma ni balaa, kifuniko unakifunga kwa kukisukuma na goti. Ukiwa na diski 4 tu ruka nafasi moja moja, zinapumua zaidi.